Ukaguzi wa Mwisho wa Pima Tena

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imemteua mdogo wake marehemu asome historia hii, na kabla hajaanza anaomba mjue kwamba marehemu mwenyewe aliagiza isisomwe mpaka kila tarehe iliyomo ithibitishwe na watu wawili wasioelewana, kwa sababu, alisema, watu wanaopatana hudanganya pamoja. Agizo hilo limetekelezwa, na kuwapata watu wawili wasioelewana katika ukoo huu haikuwa kazi, kazi ilikuwa kuwakalisha chumba kimoja.

Familia inajua pia kwamba tangu juzi kuna minong'ono, wapo wanaouliza kwa nini mazishi yamecheleweshwa wiki mbili nzima, wapo wanaosema hospitali ilimjaza madini kifuani na kumfanya panya wa majaribio, na wapo wanaomtazama kwa jicho la pembeni mama mmoja mwenye koti la kijivu aliyekaa safu ya nyuma karibu na lango. Marehemu asingewalaumu, kwa kushuku aliwashinda nyote, ila angewaambia kwamba tuhuma isiyopimwa ni umbea tu, kwa hiyo tunawaomba msikilize mpaka mwisho, ndipo mseme.

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Pima Tena, jina alilopewa na wafanyabiashara wa soko kuu kwa hasira na akalipokea kwa furaha, alizaliwa tarehe 3 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kike, wa pili kati ya watatu, mkubwa wake akiwa dada yetu aliyekaa hapa mbele, na mdogo wake ndiye huyu anayesoma. Baba yao alikusanya vyuma chakavu kwa mkokoteni na kuviuza kwa uzito, na marehemu, akiwa bado hajaanza shule, alimfuata mpaka kwenye ghala la mnunuzi, akaona chuma kilekile kilichopimwa Jumatatu na kurudishwa nyumbani kwa sababu ghala limejaa, kikipimwa tena Jumatano na kuonekana kimepungua, akamuuliza baba yake kama chuma nacho hushikwa na njaa. Baba alimwambia anyamaze, maskini hana mizani, na maneno hayo mtoto aliyameza lakini hayakuteremka.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na walimu wake walimwandika kuwa ni mwerevu, safi na mgumu kuridhika. Darasa la nne penseli yake ilipotea, akamtuhumu kiranja wa darasa mwaka mzima, akabadili dawati ili asikae naye, na penseli ilipoonekana imejificha ndani ya bitana ya mkoba wake mwenyewe hakuomba radhi, alisema hakuna uthibitisho kwamba kiranja hakuirudisha. Kiranja huyo yupo hapa leo, ni mzee wa watu, na ametuomba tuseme hadharani kwamba hakuichukua.

Alimaliza sekondari Novemba 1976, akasomea ukaguzi wa vipimo kwa miaka miwili, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa katika ofisi ya vipimo, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye meza tatu, kabati la chuma na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, ambayo hakuruhusu mtu ayashike kwa mikono mitupu kwa kuwa jasho nalo lina uzito. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa, akikagua mizani za masoko, maghala, vituo vya mafuta na maduka ya dawa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba anakuja. Ukimpigia hodi mwenye duka, alisema, utaikuta mizani imekuwa malaika, kwa hiyo aliingia kama mteja, kapu mkononi, akanunua, akanyamaza, akaficha anachokijua ili aone mwenzake atasema nini, na ndipo alipotoa kitambulisho. Wengi waliumbuka kwa ukimya ule, na vijana wa ofisini aliowafundisha waliuita ukaguzi wa kumeza ulimi.

Mizani ilipofaulu alikuwa na desturi yake, aliweka muhuri wa ofisi juu ya kidonge laini cha madini ya risasi kilichopachikwa ubavuni mwa mizani, akaugonga kwa nyundo ndogo pigo moja tu, halafu akaondoka bila neno. Hakugonga mara mbili, kwa sababu, alisema, anayegonga mara mbili hana hakika.

Ndoa yake nayo ilianzia kwenye mizani. Mwezi Aprili 1983 aliingia katika bucha moja la mtaa wa mafundi viatu, akanunua nyama, akaenda kuipima ofisini, akakuta mwenye bucha amempa zaidi ya alicholipia. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akapika, yeye alirudi siku ya pili, na ya tatu, na kila mara mizani ya yule bwana ilimpunja mwenyewe na kumneemesha mteja, jambo lililomtia marehemu wasiwasi kuliko wizi wote aliowahi kuukamata, akasema mtu anayejiibia mwenyewe lazima ana lake jambo. Alimfuatilia miezi mitatu, na muuza nyama, aliyekuwa ameshamtambua tangu siku ya pili, aliiacha springi mbovu ya mizani yake bila kuitengeneza, akijua ikipona mteja wake hatarudi. Springi ilibadilishwa mwezi Julai, muhuri ukagongwa pigo moja, na tarehe 17 Desemba 1983 walifunga ndoa, baada ya bibi harusi kuiandikia ofisi yake akiomba mtaa ule apewe mkaguzi mwingine.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1985, ambaye sasa ni mshonaji wa sare za shule, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 28 Oktoba 1989, ambaye ni fundi wa lifti, kazi ambayo mama yake aliikubali pale tu alipoambiwa kwamba lifti nazo hupimwa uzito. Waliishi ghorofa ya pili juu ya bucha, na wanawe wanakumbuka utoto wa kuvuliwa viatu na kupimwa urefu ukutani mara mbili, kwa rula mbili tofauti, na wanakumbuka vilevile kwamba mama yao hakuwahi kulala kabla hajawasikia wote wawili wakipumua. Alipendwa, na alipenda, ila mapenzi yake yalikuja yakiwa na maswali.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, akazawadiwa saa ya ukutani, akairudisha wiki iliyofuata kwa kuwa ilikuwa ikienda mbio.

Kikohozi kilianza Februari 2022. Alimtuhumu kwanza jirani anayepaka magari rangi, kisha friji ya bucha, kisha sabuni mpya ya kufulia, alituhumu kila kitu kilichokuwa nje ya kifua chake, naye hakuwahi kuvuta sigara maishani. Tarehe 11 Aprili 2022 picha ilionyesha uvimbe katika pafu la kulia, akakatwa kinyama kidogo kwa uchunguzi, na bila kumwambia mtu akahakikisha kinyama hicho kinasomwa katika hospitali mbili zisizojuana. Majibu yalilingana, ilikuwa saratani, na siku hiyo, mumewe anasema, alilia kwa mara ya kwanza tangu amjue, kwani mizani mbili zilizokubaliana hakuwa na namna ya kubishana nazo.

Kuanzia Mei hadi Oktoba 2022 alitibiwa kwa dawa za mshipani na kwa mionzi, uvimbe ukasinyaa, familia ikapumua, lakini Mei 2023 ulirudi palepale ulipokuwa, na safari hii dawa zilipita juu yake kama maji juu ya jani la myugwa, madaktari wakauita sugu, wakasema mionzi ya kutosha kuuua ingeua na pafu lililobaki. Ndipo tarehe 7 Agosti 2023, katika chumba kidogo chenye dirisha linalotazama dobi ya hospitali, alipokutana na daktari wa mionzi, ambaye ndiye yule mama mwenye koti la kijivu.

Daktari alimweleza kwamba kuna tiba ambayo bado iko kwenye utafiti, yenye mambo matatu yanayosaidiana. La kwanza ni chembe za madini, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakipangwa hayafikii upana wa unywele, zinazodungwa ndani ya uvimbe wenyewe, ili la pili, yaani mionzi, ikifika pale ikutane nazo na iume zaidi ndani ya uvimbe kuliko nje yake, kwa kiasi ambacho pafu linaweza kuvumilia. La tatu ni dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kwa sababu saratani ile ilikuwa imewafunga breki askari wa mwili wasiiguse, na seli zake zinapokufa kwa mionzi hujifichua, hivyo breki ikifunguliwa wakati huohuo askari hujua pa kwenda.

Pima Tena alisikiliza yote, mikono juu ya pochi, akauliza ni akina nani wengine waliokwisha kufanyiwa hivyo na wako wapi, na daktari akajibu, “Ni wachache, mama, wengine wanaishi, wengine wamekufa, na sijui bado wewe utakuwa upande gani.” Marehemu hakuwa amewahi kukutana na mwenye duka anayesema mizani yangu huenda haina hakika, na njiani akamwambia mumewe kwamba daktari yule ama ni mkweli kupindukia ama ni mwizi wa daraja la kwanza, na hajui kipi kinamtisha zaidi.

Alikubali, lakini kwa masharti. Alitaka kuiona mashine ya mionzi ikipimwa, na mtaalamu anayeihudumia, kijana mpole mwenye kalamu nne mfukoni, alimruhusu asimame nyuma ya kioo asubuhi moja, akamwambia, “Mama, mimi mashine hii siiamini hata siku moja, ndiyo maana naipima kila asubuhi kabla mgonjwa hajaingia,” na marehemu alirudi nyumbani amechangamka, akisema pale hospitali kuna angalau mtu mmoja mwenye akili timamu. Chembe zilidungwa tarehe 4 Septemba 2023 kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye koo, mionzi ikafuata, na dawa ya kinga ikawa inatiririshwa mshipani kila baada ya wiki tatu. Daktari alimwonya mara nyingi, mbele ya mumewe na binti yake, kwamba askari waliofunguliwa breki huweza kukosea wakashambulia hata pafu lenye afya, na kwamba akipata kikohozi kikavu au akiishiwa pumzi kwenye ngazi aseme siku hiyohiyo, dawa ya kuwatuliza ipo, lakini haipendi kuchelewa.

Tarehe 5 Desemba 2023 picha ilionyesha uvimbe umepungua kupita nusu. Nyumba nzima ilishangilia, muuza nyama aligawa mifupa ya supu bure kwa mtaa mzima, ila marehemu alikaa kitandani akiitazama ile picha, akawa na shaka kuliko alivyokuwa siku alipoambiwa ana saratani. Habari njema nimeletewa na mwenye duka, alisema, mashine yao, picha yao, msomaji wa picha wao, na mimi mteja nimekaa tu na kapu langu. Tusimcheke, alikuwa anaogopa, aliutaka uzima kwa hamu kubwa kiasi kwamba hakuthubutu kuushika kabla hajajua kama ni wa kweli.

Basi pumzi ilipoanza kumpungua, mwishoni mwa Januari 2024, hakusema. Aliona Mungu amempa jiwe la shaba mkononi, kitu anachokijua yeye na ambacho wao hawajakijua, akaamua kufanya ukaguzi ule wa kumeza ulimi, aende kliniki kama mteja, anyamaze, aone kama mashine zao zitakigundua zenyewe, na zikikigundua, ndipo ataamini na zile habari njema. Kwenye ngazi za nyumbani alisimama ghorofa ya kwanza akijifanya anasoma mita ya umeme, na waliompita walimsalimia wakaendelea, maana nani angeshangaa Pima Tena kuitilia shaka mita? Tarehe 12 Februari alifika kliniki mapema, akakaa kwenye benchi mpaka kifua kikatulia, muuguzi akambana kidole kwa kile kipimo cha hewa, kikaonyesha sawa, daktari akamuuliza, “Ngazi unapandaje siku hizi?” naye akajibu, “Kwa miguu,” wakacheka wote watatu, na picha nyingine ikapangwa tarehe 5 Machi.

Hakufika tarehe hiyo. Alfajiri ya Machi mosi alianguka mbele ya mita, mumewe akamteremsha mgongoni, na hospitali ikamkuta mapafu yote mawili yamevimba, maambukizi nayo yameshaingia, dawa ya kutuliza ikatolewa saa hiyohiyo, lakini ilikuwa imechelewa kwa majuma. Tarehe 6, akiwa na barakoa ya hewa, aliivua akamwambia daktari ukweli, kwamba alijua tangu Januari, kwamba alikuwa anawapima. Daktari hakumkemea, alimrudishia barakoa usoni, akatoka, akakaa kwenye benchi la korido akiwa ameinamisha kichwa, na mwenye kumjibu akawa muuza nyama, mtu aliyempenda kwa miaka arobaini na asiyejua kupamba maneno, akamwambia, “Mke wangu, mizani hata iwe nzuri namna gani, itapimaje nyama uliyoiacha kwenye friji?” Machozi yakampitia marehemu kando ya barakoa, akaitikia kwa kichwa.

Alifariki tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Sasa kuhusu kuchelewa kwa mazishi. Mwezi Januari, tuhuma zikiwa zimepamba moto, marehemu alimwapisha mumewe kwamba akifa afunguliwe kifua, na anayefungua asiwe wa hospitali ile, ijulikane kilichomuua ni ugonjwa, ni madini, au ni nini. Dada yetu mkubwa alipinga, alisema mwili umekwisha kuteseka vya kutosha, na hakusema vibaya, lakini kiapo ni kiapo, daktari bingwa wa uchunguzi akaletwa kutoka mbali, asiyetujua sisi wala hao wengine, akachukua siku zake. Alichokikuta ni hiki, na familia imeomba kisomwe kama kilivyo. Pale palipokuwa na uvimbe palikuwa na kovu, na ndani ya kovu seli zote za saratani alizozikuta zilikuwa zimekufa, na chembe za madini zilikuwa zimetulia mumo humo, hazikutangatanga. Saratani haikumuua, na madini hayakumuua. Kilichomuua ni kinga yake mwenyewe, iliyofunguliwa breki na tiba ile, ikashambulia mapafu yenye afya, jambo ambalo alionywa, na ambalo lilikuwa na dawa. Daktari wa mionzi ametuomba tuongeze kwamba mtu mmoja si ushahidi, kwamba hatujui kama kovu lile lingedumu, na kwamba tusimfanye mtu yeyote aamini tiba hii imekwisha kupita mtihani. Tumeongeza, ingawa inauma kuongeza.

Jambo moja tumeliweka mwisho, kwa sababu lilitokea kabla ya uchunguzi huo, na marehemu hakuyajua haya mliyoyasikia sasa hivi. Jioni ya tarehe 8 Machi, daktari alipopita kumwangalia, marehemu, asiyeweza tena kusema, aliushika mkono wa daktari, akaugeuza kiganja juu, akaulaza kitandani, akakunja ngumi yake na kukigonga kiganja kile polepole, pigo moja tu, halafu akafumba macho. Daktari alidhani ni maumivu, akataka kuita muuguzi, na ni muuza nyama, aliyewahi kuliona pigo lile mwezi Julai 1983, aliyelazimika kumweleza kwamba amepigwa muhuri. Ofisi yake inajua, nasi tunajua, kwamba katika miaka thelathini na tisa hakuwahi kuupiga muhuri kabla ya kupima, huo ulikuwa wa kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, mtaalamu wa mashine na kalamu zake nne, bingwa aliyetoka mbali, majirani waliobeba viti na kupika, jirani anayepaka magari rangi, aliyetuhumiwa bure na hata hivyo ametupa gari lake leo, na wafanyakazi wenzake waliokuja na lile sanduku la mbao, ambalo halijashikwa kwa mikono mitupu. Nawe mama mwenye koti la kijivu, hapo karibu na lango si mahali pako, mume wa marehemu amekuwekea kiti hapa mbele pamoja na wafiwa, tunakuomba usogee, nao waliokaa njiani wakupishe.

Dada yetu, mke, mama, mkaguzi, tarehe zako zote zimethibitishwa, hakuna iliyozidi wala kupungua. Pumzika kwa amani, wala usiamke kuhakikisha.